Kutotolesha mayai kwa mashine mara ya kwanza ukiwa Tanga: mwongozo kamili

Kama umenunua ile mashine ndogo ya plastiki ya mayai 30, 48 au 56, yenye feni na kioo kidogo cha namba, kile kikaratasi kilichokuja nayo kisome ili ujue vitufe, ila kwenye swala la maji usikifuate kichwa kichwa. Kinakwambia jaza maji tangu siku ya kwanza, na anayeyahitaji kweli hayo maji ni mtu wa sehemu zenye hewa kavu au baridi. Tanga hewa yetu unaijua mwenyewe, chumvi ya jikoni inaloa ndani ya kopo lake. Matokeo yake mtu anafika siku ya 21 anakuta vifaranga wamekamilika kabisa, manyoya mpaka kucha, ila wamekufa ndani ya ganda, alafu anasema kauziwa mashine feki. Nitafika huko kwenye maji na nitakaa sana, ila twende kwa mpangilio kwasababu kazi inaanza kwenye mayai kabla hata hujachomeka plagi.

MAYAI

Mayai ya trei ya dukani, yale ya kuku wa kisasa wa mayai, hayatotoleki. Wale kuku wanafugwa bila jogoo kwahiyo hamna mbegu, utayakalisha wiki tatu utapata mayai viza tu. Unataka mayai ya kienyeji au chotara toka kwa mtu ambaye umeliona jogoo lake kwa macho, na liwe halizidiwi, jogoo mmoja kwa matetea 8 mpaka 10 ndo vizuri. Kama jogoo kaletwa juzi juzi subiri kama wiki mbili ndo uanze kukusanya.

Chagua mayai ya ukubwa wa kati yenye umbo la kawaida. Makubwa kupita kiasi yanakuwaga na viini viwili, madogo sana kifaranga anatoka dhaifu, na lenye ufa hata kama ni unywele acha, kaanga ule. Usioshe! Ganda lina utando wake wa asili unaozuia vijidudu, ukiosha unautoa. Yai lenye uchafu kidogo unafuta kwa kitambaa kikavu, lenye kinyesi kingi usiliweke kabisa maana likioza humo ndani linaweza kupasuka, na harufu yake utahama nyumba.

Sasa hapa kuna jambo la huku kwetu. Vitabu vinasema yai linakaa siku 7 mpaka 10 kabla ya kuwekwa, na hiyo ni kweli likikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 12 mpaka 18 hivi. Sebuleni kwako Makorora au Chumbageni ni nyuzi 28 na kuendelea, na kuanzia kama nyuzi 21 mbegu inaanza kujikuza kidogo kidogo bila mpangilio, inachoka kabla ya safari. Kwahiyo ukiwa huna chumba cha baridi usivuke siku 5, na uyaweke sehemu ya chini yenye kivuli, pembeni ya mtungi wa maji pale ndo penye ubaridi, ncha iangalie chini na upande mnene juu. Friji hapana, ni baridi mno. Kuku wako wakitaga kidogo kidogo ni bora ununue mengine kwa jirani ujazie siku hiyo hiyo kuliko kulimbikiza wiki mbili.

Na kama mayai yametoka Muheza au Pangani kwa bodaboda, yakifika usiyaingize moja kwa moja. Yamepigwa na matuta, chumba cha hewa ndani ya yai kimetikisika. Yaache yametulia kwenye trei, ncha chini, saa 12 mpaka 24.

MASHINE IKAE WAPI

Mezani, ndani, mbali na dirisha lenye jua na mbali na feni ya ukutani. Chumba chenye bati tupu bila dari usiweke, na hii naisisitiza kwa wale wa kuanza mwezi wa 12 mpaka wa 3 kipindi cha kaskazi. Mashine hizi zina kifaa cha kupasha joto tu, hazina cha kupoza. Chumba kikifika nyuzi 35 saa nane mchana yenyewe inazima hita na inabaki inakuangalia, na kuanzia wiki ya mwisho mayai yenyewe yanatoa joto lake kwasababu vifaranga wamekuwa wakubwa. Joto la kuzidi linaua haraka kuliko baridi, likipita nyuzi 40 kwa muda umeshaharibu mzigo. Miguu ya meza itie kwenye makopo yenye maji kidogo, sisimizi wa Tanga hawabishi hodi.

Iwashe tupu saa 24 kabla. Usiruke hii. Unataka kuona inatulia kwenye joto gani, mota ya kugeuza inageuza kweli, alamu inalia.

Alafu pima kama namba zake ni za kweli. Chukua kipimajoto cha homa cha dijitali cha duka la dawa, hivi vimetengenezwa kuwa sahihi kwenye joto hili hili la mwili, pitisha ncha yake kwenye tundu la hewa, washa, subiri ilie. Kioo kikisema 37.5 na kipimajoto kikasema 38.3 unajua mashine yako inakudanganya kwa 0.8, basi unairekebisha kwenye menyu au unaishi na hiyo hesabu. Kwa mashine yenye feni unataka 37.5 mpaka 37.8. Ile ya kujitengenezea kwa boksi na balbu isiyo na feni joto linapanda juu na chini kunabaki baridi, kwahiyo pima pale pale usawa wa mgongo wa mayai na iwe 38.3 mpaka 38.9.

Kipima unyevu nacho hakiaminiki hivi hivi. Kifuniko cha soda, jaza chumvi, dondosha maji kidogo iwe rojo ila isiyeyuke yote, weka pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko au kopo lililofungwa vizuri, acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 82 basi kila siku utatoa 7. Ni njia ya zamani na haina gharama.

SASA MAJI

Yai linatakiwa lipunguze uzito. Kwa siku 18 za mwanzo linapoteza maji kupitia vitundu vya ganda, kama asilimia 11 mpaka 13 ya uzito wake, na nafasi inayobaki ndo chumba cha hewa upande mnene. Kifaranga akikaribia kutoka anatoboa kwanza kwenye hicho chumba, anavuta pumzi yake ya kwanza humo, ndo baadae anavunja ganda. Unyevu ukiwa mwingi maji hayatoki, chumba kinabaki kidogo, kifaranga kavimba hana pa kugeuka na anakosa hewa au anazama kwenye maji maji yake. Wale waliokamilika na kufia ndani mara nyingi stori yao ni hii.

Unyevu unaotakiwa siku hizo 18 ni asilimia 45 mpaka 55. Watu wanaona hali ya hewa ya Tanga ni asilimia 80 wanashtuka, wengine wanaona ya mashine 47 wanakimbilia jagi. Tulia. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu asilimia 80 ukiipasha mpaka 37.5 unyevu wake unashuka wenyewe mpaka kama asilimia 47, maji ni yale yale ila hewa ya moto ina uwezo wa kubeba zaidi. Yani hewa ya pwani ikiingia tu kwenye mashine imeshafika kwenye kipimo bila wewe kutia tone. Masika inapanda kidogo, inacheza kwenye 50, bado uko ndani. Mwenzako wa Lushoto, chumba nyuzi 18 na unyevu huo huo wa 80, akipasha anapata kama asilimia 25, huyo lazima ajaze maji. Mashine moja, mkoa mmoja, maelekezo mawili tofauti.

Kwahiyo ushauri wangu kwa mtu wa Tanga mjini, Pangani, Mkinga: anza kavu. Angalia kipimo ulichokihakiki, kikikaa juu ya 40, hata kama hakijafika 45, achana na maji. Kikishuka chini ya hapo siku mbili mfululizo, tia kwenye mfereji mmoja tu wa maji wa mashine, maji ya vuguvugu. Na ujue unyevu unaongezwa na upana wa maji, kina hakisaidii, kujaza mfereji mpaka juu hakubadilishi kitu zaidi ya kukaa siku nyingi bila kukauka. Ukiwa na AC chumbani hesabu inabadilika maana AC inakausha hewa, pima upya.

Njia ya kuthibitisha bila kubahatisha ni mizani ya jikoni ya dijitali. Weka alama mayai matano, yapime pamoja siku ya kuweka. Tuseme ni gramu 250. Siku ya 7 yawe yameshuka kwenye 238 hivi, siku ya 18 yawe karibu 220. Yasiposhuka punguza maji na fungua matundu ya hewa zaidi, yakishuka haraka ongeza maji. Mizani inashinda kipima unyevu chochote kwasababu inapima yai lenyewe.

KUWEKA NA KUGEUZA

Weka jioni, na chagua siku kwa akili. Ukiweka Jumamosi jioni, Jumapili jioni ndo siku ya 1 inatimia, siku ya 21 inaangukia Jumamosi jioni, uko nyumbani. Siku ya 18 ni Jumatano. Andika kwenye karatasi bandika ukutani, usitegemee kichwa. (Hizo 21 ni za kuku. Kware ni 17 mpaka 18, kanga 26 mpaka 28, bata mzinga 28, na hawa bata wetu wa mtaani wenye nyama nyekundu usoni ni kama 35, usichanganye kwenye mashine moja mara ya kwanza.)

Ukiingiza mayai joto litashuka na litachukua masaa kupanda tena, ni kawaida, usipandishe namba. Kama mashine haijigeuzi, chora X upande mmoja na O mwingine kwa penseli, geuza mara tatu au tano kwa siku. Idadi iwe witiri ili upande unaolala usiku usiwe ule ule kila siku. Mikono osha kwanza. Usipogeuza, mbegu inagandana na utando wa ganda na inakufa.

Kingine hamna, siku za mwanzo ni za kusubiri tu, na kusubiri ndo kazi ngumu. Kila ukifunua kifuniko kuwaonyesha wageni joto linaondoka.

UMEME UKIKATIKA

Utakatika, tupange. Saa moja mbili tatu hazitishi, tena sisi tuna bahati chumba chenyewe kina joto kwahiyo mayai yanapoa taratibu. Usifunue. Funika mashine na blanketi ila matundu ya hewa yaachie. Ikizidi hapo zungushia chupa za maji ya moto nje ya mashine, ndani ya hilo blanketi, badilisha zikipoa. Jiko la mkaa usiweke chumba hicho, moshi wake usioonekana unaua vifaranga na unakuua na wewe. Umeme ukirudi acha mashine ipande yenyewe, hakuna kufidia. Kutotolewa kunaweza kuchelewa nusu siku au siku nzima, basi.

Baadhi ya mashine hizi zina waya wa volti 12, kama yako inao betri ya gari au ya sola inatosha kabisa, nunua hiyo kabla ya kununua mashine ya pili. Na plagi ipitie kwenye kile kifaa cha kulinda friji maana umeme ukirudi unarudi kwa kishindo. Kwenye LUKU usiogope sana, mashine ya wati 80 ikiwaka nusu ya muda ni kama yuniti moja kwa siku. Ila kama uko kwenye bei ya wale wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu usije ukavuka.

KUMULIKA

Siku ya 7 usiku zima taa, chukua tochi ya simu, tengenezea kimrija cha boksi ili mwanga usitawanyike, gusisha upande mnene wa yai. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa myekundu imesambaa, ukitulia utaliona linacheza. Lililo jeupe tupu halina mbegu. Lenye duara jekundu la damu bila mishipa limekufa mapema. Ganda la kahawia zito linasumbua kuona, usiwe na haraka ya kutupa, liache mpaka siku ya 10 mulika tena.

Yale meupe toa. Na tafadhali jamani usiyarudishe sokoni, yai lililokaa wiki nzima kwenye nyuzi 37 siyo la kumpelekea mtu wa chipsi mayai pale Ngamiani. Siku ya 18 ukimulika utaona giza karibu lote na chumba cha hewa juu kimechukua kama theluthi ya yai. Kikiwa kidogo kuliko hapo umejua unyevu ulizidi, na utajua cha kufanya mzigo ujao.

SIKU TATU ZA MWISHO

Siku ya 18 unaacha kugeuza. Toa trei ya kugeuzia, tandika wavu au kitambaa kisichoteleza, lazeni mayai kwa ubavu. Gazeti hapana, kifaranga akiteleza miguu inatanuka na inabaki hivyo. Hapa ndo sasa unatia maji, jaza mifereji yote na hata sponji iliyolowa, unyevu upande 65 mpaka 70. Sababu ni tofauti na ile ya mwanzo: akishatoboa ganda, ule utando ukikauka unamng'ang'ania kifaranga hawezi kuzunguka. Matundu ya hewa fungua yote, wanapumua sasa.

Alafu funga na usifungue.

Siku ya 19 au 20 utasikia mlio ndani ya yai, wengine wanadhani wameota. Baadae kitundu kidogo, alafu kimya. Huo ukimya unaweza kwenda saa 12 mpaka 24 na ndo unawatoa watu imani wanachukua kisu. Muache. Anafyonza kiini kilichobaki na damu ya kwenye utando, ukimsaidia kabla anatoka damu na kitovu wazi anakufa mkononi. Akimaliza kupumzika anakata ganda kwa mzunguko na anasukuma. Wa kwanza akitoka kioo kinaweza kusoma unyevu 80 kwasababu yeye ni mbichi, usihangaike.

Hawana njaa. Kile kiini walichofyonza kinawatosha siku mbili hata tatu, ndo maana vifaranga wanasafirishwa kwenye maboksi toka Dar wanafika wazima. Watoe kwa mkupuo mmoja wakishakauka na kuwa na manyoya, chap chap, rudisha kifuniko. Yaliyobaki yape mpaka siku ya 23.

Bruda, yani boksi au kibanda chenye taa cha kuwapa vifaranga joto, iwe imeshawashwa kabla, nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mchana wa kaskazi utakuta taa unaizima kabisa. Waangalie wao: wakijibana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wanaungua. Maji kwanza, wachovye midomo mmoja mmoja, chakula cha vifaranga baadae. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, na zinarudiwa, kwahiyo kaongee na ofisa mifugo wa kata akupe ratiba ya eneo lako kabla hawajatoka, maana chupa moja ni ya kuku wengi na ni bora mchange na majirani.

YALE YASIYOTOKA

Usiyatupe bila kuyafungua. Nenda nje, upande upepo unakokwenda, yapasue moja moja juu ya gazeti. Kifaranga mkubwa, kalowa, kavimba, maji mengi: unyevu ulizidi. Kakauka na utando umemgandia: unyevu ulikuwa mdogo au ulifungua fungua mwishoni. Vijusi vimekufa wiki ya kwanza: mayai yalikaa sana, au yalitikiswa, au joto lilipanda. Waliotoka siku ya 19 na vitovu vibichi ujue mashine ina joto kuliko inavyosema, waliochelewa mpaka 22 na 23 na wamelegea ni kinyume chake. Zaidi ya nusu kutoka kwa mara ya kwanza siyo vibaya hata kidogo, na katika hao nusu watakuwa majogoo, hilo halina dawa.

Mashine ioshe siku hiyo hiyo kabla yale manyoya na ute havijakauka, maji ya sabuni kwanza kisha maji yenye Jik kidogo, usiloweshe upande wa feni na waya, futa kwa kitambaa. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa kwenye kona zote, na kabla ya mzigo mwingine iwashe tena tupu siku nzima uihakiki kipimajoto upya, chumvi ya upepo wa bahari inakula vifaa na namba iliyokuwa sahihi mwezi uliopita inaweza isiwe hiyo.